Aliyeng'olewa Meno Kabla Hayajaota

Mtoto alipona. Hilo lisemwe mwanzo kabisa, maana asingepona kisa hiki kingekuwa kingine. Alikuwa mtoto wa kike wa miezi saba, ameharisha siku tatu, mwili unachemka, macho yameingia ndani. Siku ya tatu jioni akapelekwa kwa mama mmoja wa kijiji cha jirani anayejua kutoa meno ya plastiki. Akatolewa mawili, yote ya chini. Siku ya tano ananyonya kama kawaida na kuvuta kanga ya bibi yake.

Mtoto huyu nimemuunda mimi. Sikumchukua katika familia yoyote ninayoijua. Nimemkusanya kutoka katika yale ambayo madaktari wa meno wa Afrika Mashariki wameyaandika kwa zaidi ya nusu karne. Nimemweka Kagera, kwenye migomba na kahawa, kwa sababu mwanaanthropolojia Brad Weiss, aliyeishi na Wahaya, alichapisha mwaka 1992 makala juu ya utoaji wa meno haya haya. Angeweza pia kuwa mtoto wa Kiacholi kaskazini mwa Uganda, au wa Kimaasai Kenya. Kilio chake kingekuwa kile kile, na picha ya eksirei ya taya lake miaka kumi baadaye ingefanana.

Mama yake hakuwa mzembe. Asubuhi ya siku ya pili alimpeleka zahanati, akapewa dawa ya homa na pakiti mbili za chumvichumvi za kuchanganya na maji. Kabla ya kuondoka akauliza kwa sauti ya chini kama haiwezi kuwa meno ya plastiki. Muuguzi akacheka, akamwambia mambo hayo ya kishamba ayaache huko huko. Akarudi nyumbani na pakiti zake, na swali lake halikujibiwa.

Usiku wa pili mtoto aliendelea kuharisha. Mama mkwe akaja na kibatari.

"Mwanangu, umemtazama kinywani?"

"Nimemtazama, mama. Hana kitu."

Bibi akanawa mikono, akapitisha kidole juu ya ufizi wa chini, taratibu, upande hadi upande. Akasimama mahali pawili. Palikuwa na uvimbe mdogo, umepauka kuliko ufizi wa pembeni yake. "Haya hapa," akasema. "Tungechelewa kidogo tungemzika."

Tazama jinsi jambo lilivyo. Muuguzi alicheka na hakugusa kinywa cha mtoto. Bibi aligusa, akaona kitu, akakitaja kwa jina, akasema la kufanya. Ningekuwa mama yule, mwenye miaka ishirini na mtoto wa kwanza, sijui kama ningemfuata muuguzi.

Kazi yenyewe haikuchukua muda. Mtoto alilazwa mapajani, bibi akamshika kichwa, na yule mama fundi akatoa wembe na kipande cha spoku ya baiskeli kilichopondwa ncha na kunolewa. Vyote aliviosha kwa maji ya moto na chumvi, jambo ambalo mama wa mtoto aliliona akalipenda, kwa kuwa alikuwa amesikia habari za Ukimwi. Akachana ufizi, akachimba, akachomoa. Akaweka juu ya jani la mgomba kitu cheupe, kidogo, chenye utelezi. Kisha cha pili.

"Kiguse," akamwambia mama. Akakigusa. Kilibonyea. "Hilo ni jino hilo?"

Hakuna aliyeweza kusema ni jino. Lakini lilikuwa jino.

Jino halianzi likiwa gumu. Mtoto anapozaliwa, meno yote 20 ya utotoni yameshaanza kuumbwa ndani ya mataya, kila moja ndani ya kifuko chake. Madini huanza kushika kwenye ncha na kushuka kidogo kidogo. Chonge, lile jino la pembeni lenye ncha moja, linakwenda polepole kuliko ya mbele yake: sehemu yake ya juu hukamilika mtoto akikaribia miezi tisa, na huota akiwa na miezi kati ya 16 na 20 hivi. Ukilichimbua katika mwezi wa saba unakuta kofia nyembamba ya madini juu ya nyama laini yenye majimaji. Hapo ndipo lilipopata jina la plastiki, au la nailoni kama wengine wanavyoliita. Uganda wapo wanaosema ni funza, na ukikitazama juu ya jani hutashangaa kwa nini.

Na ule uvimbe uliopauka? Chonge ni nene, na kabla ya kutoka husukuma ufizi ukatuna na kukosa wekundu. Karibu kila mtoto anao kwa kipindi fulani. Bibi angepitisha kidole kwenye fizi za watoto wote wa kijiji wenye umri ule, wazima kwa wagonjwa, angeukuta. Lakini nani hupitisha kidole kinywani mwa mtoto mzima? Kinywa hutazamwa mtoto akiugua. Kwa hiyo kila mtoto mgonjwa anaonekana ana meno mabaya, na watoto wazima wenye uvimbe ule ule hawahesabiwi popote.

Kipindi hicho ndicho pia cha kuharisha. Mtoto ameanza uji, anatambaa, anaokota kila kitu na kukitia kinywani. Kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwa mama imeshapungua. Wakati ule chanjo ya rota, virusi vinavyoongoza kwa kuharisha kukali kwa watoto wachanga, ilikuwa haijaanza kutolewa Tanzania. Ilianza mwaka 2013. Kuharisha kwa virusi kwa kawaida hupita ndani ya wiki moja kama mtoto hakukaukiwa maji. Familia haikimbilii kwa fundi siku ya kwanza. Hungoja, hujaribu hiki na kile, huenda siku ya tatu au ya nne, ugonjwa ukiwa kileleni. Baada ya kilele ni kushuka. Lolote litakalofanywa siku ile, iwe wembe, dua au majani ya mpera, litafuatiwa na nafuu.

Ndiyo maana naona si haki kuuita ujinga. Mama alikuwa na ushahidi: aliona uvimbe, akaona kitu cheupe kikitoka, akaona mtoto anapona, na yote kwa mpangilio. Kilichokosekana ni watoto wawili watatu wa kulinganisha, walioharisha vile vile wakanyweshwa maji ya chumvi na sukari tu, wakapona siku ile ile ya tano na meno yao yote. Mtu mmoja mwenye mtoto mmoja hawezi kuwaona. Kuna upande mwingine pia usioonekana: wale wasiopona. Watoto wanaokatwa namna hii wametokwa damu hadi kuishiwa, wameambukizwa pepopunda, sumu ya vidonda imeingia katika damu, na wengine wamefika hospitali wakiwa wa kufa. Kijijini hao huitwa waliocheleweshwa.

Desturi hii ina rekodi za muda mrefu. Jens Pindborg, bingwa wa Denmark wa magonjwa ya kinywa, mwaka 1969 aliandika juu ya kukatwa kwa meno Uganda na kasoro zinazofuata. Kwa Tanzania, watafiti Kikwilu na Hiza walichapisha mwaka 1992 matokeo kutoka kijiji cha mbali ambako watoto walikuwa wamekosa meno ya utotoni kwa kung'olewa machipukizi, na mwaka 1997 wakarudi na utafiti mpana zaidi juu ya waganga wanaong'oa na wale wanaosugua dawa kwenye fizi. Wasomali huyaita *ilko dacowo*, meno ya mbweha. Mwaka 2000 madaktari wawili wa meno ya watoto huko Uingereza, Rodd na Davidson, walieleza kasoro za meno walizozikuta kwa watoto wa Kisomali waliohamia kule. Wanakokwenda watu, vinywa vyao vinakwenda na habari.

Tusichanganye desturi mbili, ingawa wageni wameshazichanganya mara nyingi. Wajaluo wa zamani waling'oa meno sita ya mbele ya chini, na Wamaasai mawili. Hayo yalikuwa meno ya ukubwani yaliyokwisha kuota, na aliyeng'olewa alijua ameng'olewa nini na kwa nini. Pengo lilikuwa alama. Mtoto wetu hakuwa na alama yoyote. Kidonda kilifunga kwa wiki, ufizi ukawa laini kama mwingine, na hadi alipoanza shule hakuna aliyekumbuka.

Chonge za utotoni za chini hazikuota. Kwa mtoto wa miaka mitatu pengo hilo halitishi mtu, na kwa wa miaka saba, anayebadilisha meno, linapotea katikati ya mapengo mengine. Bibi alisema yatakuja ya ukubwani. Hakuna aliyefikiri kwamba hayo ya ukubwani nayo yalikuwepo usiku ule wa wembe.

Yalikuwepo. Nyuma kidogo ya chipukizi la chonge ya utotoni, kwa upande wa ulimi, hulala chipukizi la chonge ya ukubwani. Madini yake ya kwanza huwekwa mtoto akiwa na miezi minne au mitano. Katika mwezi wa saba ni kitu kidogo kuliko punje ya mtama, na kati yake na la kwanza hakuna ukuta wa kumzuia mwenye spoku. Haoni lilipoishia hili na lilipoanzia lile. Akilichomoa pamoja na la kwanza, halitakuja kamwe. Akilichubua tu, litaendelea kuumbwa likiwa na jeraha, na jeraha hilo litatoka nalo miaka tisa au kumi baadaye. Meno ya jirani yanayoumbwa wakati ule ule, hasa lile la mbele la pembeni, nayo huweza kupata pigo.

Binti alikuwa darasa la tano alipoanza kuziba mdomo kwa kiganja akicheka. Upande wa kulia wa chini kulikuwa kumeota kitu kifupi, cha njano iliyoelekea kahawia, chenye vishimo. Kushoto kulikuwa na pengo ambalo meno ya pande zote mbili yalikuwa yanalilalia, na mstari wa katikati wa meno ya chini umehama. Wenzake walimwita jina ambalo sitaliandika. Walimu hawakulisikia, au walilisikia wakaona ni utoto.

Katika hospitali ya wilaya daktari wa meno aliangalia, akauliza swali moja: "Alipokuwa mchanga, alitolewa meno?" Mama akasema hapana. Daktari hakubishana naye. Akaandika rufaa ya kwenda Mwanza kupigwa picha ya taya zima. Picha iliporudi ilionyesha chonge ya kushoto haipo kabisa, wala dalili yake. Ya kulia ipo, mzizi wake mfupi, na chini ya ufizi kuna punje mbili tatu ngumu, vipande vya jino vilivyojiunda ovyo kutokana na chipukizi lililochanwa. Mama akaitazama ile picha muda mrefu. Kisha akasema, "Yalikuwa mawili. Ya plastiki."

Kuanzia hapa kisa ni cha matengenezo, nami nitakikalia, kwa sababu watu wengi huamini siku hizi kila kitu cha kinywani kinatengenezeka. Kinatengenezeka kweli. Swali ni kwa muda gani, mara ngapi, na umri gani.

Lililoanza ni lile jino bovu la kulia. Zile punje zilitolewa kwa upasuaji mdogo, halafu jino likafunikwa kwa kompositi, ile nyenzo yenye rangi ya jino inayogandishwa kwa taa ya buluu. Uwezo huo una historia fupi. Mwaka 1955 Michael Buonocore wa Rochester, Marekani, alionyesha kwamba ukilipaka jino tindikali ya fosfori kwa sekunde chache, uso wake unapata vinyweleo ambavyo plastiki inaweza kujishikiza humo. Mwaka 1962 Rafael Bowen akapata hataza ya resini ambayo kompositi nyingi hadi leo zimetoka ukoo wake. Kabla ya hapo, kujaza jino ilibidi kulichimba kwanza ili kijazo kipate pa kung'ang'ania, na jino la mtoto lililo bovu tayari lingezidi kumegwa.

Ila Buonocore alitumia meno yenye gamba zima. Gamba la jino la binti huyu liliumbwa likiwa limejeruhiwa: jembamba hapa, laini pale, mahali pengine halipo. Tindikali haichongi vinyweleo vizuri kwenye gamba la namna hiyo, na kijazo hakishiki kama kinavyoshika kwa mwenzake. Cha kwanza kilidumu miezi minane. Cha pili kilidumu zaidi. Daktari alikuwa amesema mapema kwamba itakuwa hivyo, na kwamba taji la kauri haliwezekani bado, kwa kuwa chumba cha mishipa ndani ya jino changa ni kipana na kulisaga ni kukikaribia mno. Mama alisikia neno "bado" siku ile kwa mara ya kwanza. Angelisikia mara nyingi.

Kwa pengo la kushoto walimtengenezea meno ya bandia ya kuvaa na kuvua: kibao cha akriliki ya waridi kinachokaa nyuma ya meno ya chini, na jino moja juu yake. Akriliki hiyo iliingia kwenye meno ya bandia mwaka 1937 ikachukua nafasi ya mpira mgumu, na bado ndiyo tegemeo la kliniki nyingi kwa kuwa ni rahisi na hutengenezeka upya. Kutengenezeka upya ndiko hasa kulikohitajika. Taya la mtoto wa miaka 12 linakua. Kibao kinachomkaa leo kitambana mwakani, na kisipobadilishwa kitaumiza ufizi au kitazuia meno kwenda yanakotakiwa kwenda. Akaambiwa akivue usiku, akisugue kwa mswaki na sabuni, akiloweke kwenye maji ya kawaida yasiyo ya moto, kwa kuwa moto hukipinda na kukaa kikavu hukifanya kisimkae tena.

Aliyafuata yote. Lililomshinda ni chakula cha mchana shuleni. Hakutaka mtu aone jino likitoka, hivyo alilivua kwa siri, akalifunga kwenye karatasi na kuliweka kando ya sahani. Siku moja waliokuwa zamu ya usafi wakapita. Jino la pili likatengenezwa. Likavunjika. Kufikia kidato cha pili familia ilikuwa imelipia nauli za Mwanza na gharama za fundi sanifu wa meno kiasi kwamba baba alianza kuuliza, si kwa ubaya, kama pengo moja linamzuia mtu kusoma.

Hapo ndipo alipokutana na fundi wa pili wa maisha yake.

Huyu hakuwa na wembe. Alikuwa na chumba kidogo nyuma ya duka la simu, kiti cha kinyozi, na picha za meno meupe ukutani. Hakuwa daktari wala fundi sanifu. Alikuwa amewahi kufanya kazi ya usafi mahali wanapotengeneza meno akaokota ujuzi kwa macho. Alimwambia binti, "Mdogo wangu, la kuvaa la nini? Mimi nakuwekea la kudumu, nusu saa." Akachanganya unga na majimaji ya akriliki inayojigandisha yenyewe, akalishika jino la dukani kwenye pengo, akafunga waya kwa meno ya jirani pande mbili, akajaza ile rojo hadi kwenye ufizi. Ilipata moto ikiganda, na harufu ikampanda puani. Kisha akampa kioo.

Lilikuwa zuri. Binti alilia kwa furaha, akalipa fedha ya likizo nzima. Mama yake alipoliona alifurahi naye. Na kwa nini asifurahi? Alikuwa na ushahidi tena, kwenye kioo.

Kilichokuwa chini ya lile jino kioo hakikionyesha. Akriliki ya namna hiyo huacha majimaji yasiyoganda yanayochoma ufizi, na ina vishimo ambavyo mabaki ya chakula na vijidudu hukaa raha mustarehe. Haivuliwi, mswaki haufiki. Waya hukaza meno ambayo kwa asili hutikisika kidogo kila mtu anapotafuna, na huyavuta. Mwaka uliofuata ufizi ulikuwa unatoka damu akiamka, kisha harufu, kisha jino la mbele la pembeni, ambalo spoku ilikuwa imeliacha na shimo dogo tu, likaanza kulegea. Alikaa nalo miezi kadhaa kwa aibu ya kurudi kwa daktari aliyemwambia asubiri. Alipokwenda, mfupa unaolishika ulikuwa umeliwa zaidi ya nusu. Likang'olewa. Pengo la jino moja likawa la mawili.

Sioni tofauti kubwa kati ya mafundi hawa wawili, na nasema hivyo nikijua mmoja alitumwa na imani na mwingine na fedha. Wote walitoa matokeo ya siku ile ile mbele ya macho ya mteja. Daktari wa wilaya hakuwa na kitu cha namna hiyo cha kuonyesha. Alikuwa na "bado", kijazo kinachodondoka, na kibao cha kuvua.

Alipotimiza miaka 18 alianza kuuliza habari za kipandikizi, ile skrubu ya titani inayozikwa kwenye mfupa na kuwekewa jino juu. Alikuwa ameona kwenye simu. Msingi wa jambo hilo uliwekwa Sweden na Per-Ingvar Brånemark, aliyegundua katika miaka ya 1950, alipokuwa akichunguza damu ndani ya mifupa ya sungura, kwamba titani na mfupa hushikana hata visitenganishwe. Mgonjwa wake wa kwanza wa meno, mwaka 1965 huko Göteborg, alikuwa mtu aliyezaliwa na kasoro ya taya na kukosa meno. Vipandikizi vyake vilimfaa zaidi ya miaka 40, hadi alipofariki. Hiyo ndiyo habari inayosafiri. Inayobaki nyuma ni kwamba kipandikizi hakikui. Jino la asili hupanda pamoja na taya linalokua. Skrubu iliyoshikana na mfupa hubaki pale pale ilipowekwa. Ukimwekea mtoto wa miaka 13, akifika 18 meno yake yamepanda na lile la bandia limebaki bondeni. Ndiyo maana madaktari husubiri hadi ukuaji wa taya uishe, na hupima mara kwa mara badala ya kuhesabu miaka tu. Wapo watoto wachache wanaozaliwa karibu vibogoyo ambao kwao huwekwa mapema sehemu ya mbele ya taya la chini, lakini huyu hakuwa mmoja wao.

Kulikuwa na kikwazo kingine. Mfupa unaozunguka mizizi huwepo kwa ajili ya jino. Jino likikosekana, mfupa hukonda. Mahali ambapo chonge ya kushoto haikuwahi kuota ukingo wa taya ulikuwa umebaki mwembamba, na pale palipokuwa na fundi wa nusu saa ulikuwa umeliwa na usaha. Skrubu ingekosa pa kukaa bila kuongezewa mfupa kwanza, na gharama ya hatua hizo mbili ilizidi mavuno ya kahawa ya miaka. Daktari akampa njia ya kati: kibao kipya kwa sasa, kilichotengenezwa vizuri zaidi, chenye meno mawili na vishikizo vya chuma, usafi wa fizi kila miezi sita, na baadaye, fizi za jirani zikitulia, kuangalia kama daraja linafaa, maana lile jepesi la kubandika kwa resini bila kusaga meno ya pembeni lingemfaa kwa pengo la jino moja kuliko hili la mawili.

Siku ya kuchukua kibao hicho alisindikizwa na bibi yake. Bibi alikuwa amezeeka, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumweleza lolote. Alijua tu kwamba mjukuu ana meno mabaya. Daktari, mwanamke wa makamo, alimwamkia shikamoo, akamkalisha, akamtolea ile picha ya kwanza ya taya zima na kuiweka kwenye taa.

"Bibi, hebu niambie wewe, maana wewe ndiye uliyeona. Hayo mliyotoa yalikuwaje?"

Bibi akaeleza: meupe, laini, kama hivi. Akaonyesha kwa ncha ya kidole. Daktari akafungua droo, akatoa kifano cha taya la mtoto mchanga lililokatwa ubavuni, la kufundishia wanafunzi, machipukizi yote yakionekana ndani. Akaushika mkono wa bibi na kukipeleka kidole chake kwenye chonge ya utotoni, kisha nyuma yake, kwenye kile kidogo kingine. Hakumwambia amekosa. Alimuuliza kama wajukuu wengine wakiharisha wanapewa nini, akamwambia juu ya yale maji ya chumvichumvi na juu ya zinki, ambayo tangu mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wamependekeza apewe kila mtoto anayeharisha: miligramu 20 kwa siku, nusu yake kwa aliye chini ya miezi sita, kwa siku 10 hadi 14 hata kama ameshaacha kuharisha. Akamwambia pia mtoto akilegea au akikataa kunyonya aletwe siku ile ile, asingojewe siku ya tatu.

Bibi alinyamaza, kidole bado kipo kwenye kile kifano.

"Na wale wengine?" akauliza.

"Wengine wapi, bibi?"

Akaanza kuhesabu kwa majina. Wawili wa mwanawe mkubwa. Mmoja wa binti yake aliyeolewa Biharamulo. Mapacha wa jirani, ambao yeye ndiye aliyewapeleka. Na huyu wa mwisho, mdogo wake binti, wa miaka sita sasa, aliyetolewa manne.

Daktari akavuta daftari la miadi. Walio chini ya miaka 12 waletwe kwanza, akasema, wakati taya bado linakua na nafasi inaweza kushikiliwa kabla meno hayajalala. Wa Biharamulo apigiwe simu. Akawapangia Jumatano mbili mfululizo, na bibi akaomba aandikiwe kwa kalamu nzito, kwa kuwa macho yake hayaoni vizuri.